Kushiba Pekee Hakutoshi: Namna ya Kuchagua Vyakula Vinavyoupa Mwili Nguvu Kutwa Nzima

Na Mwandishi Wetu

Nguvu kazi ya Taifa lolote hutegemea afya ya watu wake, na afya hiyo kwa sehemu kubwa huanzia jikoni. Mkulima anayeamka alfajiri kwenda shambani, fundi anayebeba zege juani, mwendesha bodaboda anayeshinda barabarani na mwanafunzi anayetembea kilomita kadhaa kabla ya kuingia darasani, wote wanahitaji mwili wenye nguvu na akili iliyo macho. Hata hivyo, si jambo geni kumsikia mtu aliyekunywa chai na maandazi saa moja asubuhi akilalamika kuwa ifikapo saa nne tayari mwili umelegea, kichwa kinauma na kazi haisogei.

Mtu huyo hakulala na njaa wala hakukosa kifungua kinywa. Alikula, na pengine alishiba. Tatizo lake ni kwamba kushiba na kupata nguvu ni mambo mawili tofauti. Makala haya yanaeleza namna chakula kinavyogeuka kuwa nguvu mwilini, sababu za baadhi ya vyakula kutoa nguvu ya muda mfupi, na namna familia inavyoweza kupanga mlo unaodumu kwa kutumia vyakula vinavyopatikana sokoni na mashambani hapa nchini.

Nguvu ya mwili hutoka wapi

Nishati ya mwili hutokana na virutubishi vya aina tatu: wanga, protini na mafuta. Gramu moja ya wanga hutoa takriban kilokalori 4, gramu moja ya protini hutoa kiasi kama hicho, na gramu moja ya mafuta hutoa takriban kilokalori 9. Ndiyo maana kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia hutoa takriban kilokalori 120, ilhali gramu 100 za unga mkavu wa mahindi hutoa takriban kilokalori 360.

Wanga unapoliwa humeng'enywa na kuwa sukari aina ya glukosi, ambayo husafirishwa na damu kwenda kwenye misuli, ubongo na viungo vingine. Ubongo peke yake, ingawa ni sehemu ndogo ya uzito wa mwili, hutumia takriban asilimia 20 ya nishati yote ya mtu aliyepumzika. Hii ndiyo sababu mtu mwenye njaa hushindwa kufikiri sawasawa hata kabla misuli yake haijachoka.

Hata hivyo, glukosi ni kama kuni tu. Ili kuni ziwake, zinahitaji kiberiti na hewa. Katika mwili, kazi ya kiberiti hufanywa na vitamini za kundi B pamoja na madini kama magneziamu, ambavyo husaidia seli kuibadili glukosi kuwa nishati. Kazi ya hewa hufanywa na oksijeni, inayobebwa na chembechembe nyekundu za damu kwa msaada wa madini chuma. Mtu anaweza kula wanga mwingi kila siku na bado akachoka, kwa sababu ana kuni nyingi lakini hana vya kuziwashia.

Kwa nini chai yenye sukari nyingi haidumu

Sukari ya mezani, soda, juisi zilizoongezwa sukari na vyakula vilivyotengenezwa kwa unga mweupe uliokobolewa humeng'enywa haraka. Glukosi huingia kwenye damu kwa wingi ndani ya muda mfupi, na mtu huhisi amechangamka. Kongosho nalo hutoa homoni ya insulini ili kuiondoa sukari hiyo kwenye damu. Kwa baadhi ya watu, baada ya saa mbili au tatu kiwango cha sukari hushuka hata chini ya kilivyokuwa kabla ya kula. Hapo ndipo njaa hurudi, usingizi huja na mtu hutamani kitu kingine kitamu.

Vyakula vyenye makapi-mlo, protini na kiasi cha mafuta hufanya kazi kwa namna tofauti. Makapi-mlo hupunguza kasi ya umeng'enyaji, hivyo glukosi huingia kwenye damu kidogo kidogo. Protini na mafuta hukifanya chakula kikae tumboni muda mrefu zaidi. Matokeo yake ni nguvu isiyopanda ghafla wala kushuka ghafla.

Shirika la Afya Duniani linashauri sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nishati yote ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima anayehitaji kilokalori 2,000 kwa siku, asilimia 5 ni takriban gramu 25, yaani vijiko vidogo sita. Anayeweka vijiko vitatu katika kikombe kimoja cha chai na kunywa vikombe viwili kwa siku, tayari amefika hapo kabla ya kunywa soda au kula andazi.

Hii haimaanishi kwamba chai na maandazi ni marufuku. Inachotakiwa ni kuongeza kitu chenye uzito wa lishe: yai la kuchemsha, karanga, maharage yaliyobaki usiku, maziwa au kiazi kitamu badala ya andazi la pili, na kupunguza sukari taratibu hadi ulimi uzoee.

Dona au sembe

Ugali ni chakula kikuu cha kaya nyingi nchini, hivyo uamuzi kuhusu aina ya unga una uzito mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Mahindi yanapokobolewa ili kupata sembe, pumba na kiini huondolewa. Sehemu hizo ndizo zenye makapi-mlo mengi, sehemu kubwa ya vitamini za kundi B, magneziamu na mafuta ya asili ya punje. Kinachobaki kwa kiasi kikubwa ni wanga. Unga wa dona, unaosagwa bila kukoboa, huhifadhi virutubishi hivyo na humpa mlaji shibe inayodumu zaidi.

Dona ina masharti yake. Kwa kuwa ina mafuta ya kiini, huharibika mapema kuliko sembe, hivyo inafaa kusagwa kwa kiasi kidogo kinachotumika kwa muda mfupi. Aidha, mahindi yanayosagwa bila kukobolewa yanapaswa kuwa safi, kwa sababu sumukuvu hujikusanya zaidi katika sehemu za nje na kiini cha punje. Mwaka 2016 sumukuvu ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, tukio linalokumbusha kwamba usalama wa chakula na lishe haviwezi kutenganishwa. Wananchi wanashauriwa kukausha mahindi vizuri juu ya turubai au kichanja badala ya ardhini, kuyahifadhi mahali pakavu, na kuchambua na kuondoa punje zilizoota ukungu, zilizobadilika rangi au kusinyaa kabla ya kusaga. Kupika hakuondoi sumu hiyo.

Kwa anayenunua unga dukani, ipo njia nyingine ya kuboresha mlo. Tangu mwaka 2011 Tanzania imekuwa na kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula viwandani. Unga huongezwa virutubishi vikiwemo madini chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12, na mafuta huongezwa vitamini A. Kusoma maelezo kwenye kifungashio kabla ya kulipa ni hatua ndogo yenye faida kubwa.

Mbali na mahindi, nchi imejaliwa vyakula vingi vya wanga vinavyostahili kupewa nafasi mezani: ulezi, mtama, uwele, viazi vitamu, magimbi, mihogo na ndizi za kupika. Ulezi una kalsiamu nyingi kuliko nafaka nyingine zinazotumika kwa kawaida, na viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani huupa mwili vitamini A pamoja na nishati.

Madini chuma: nguvu iliyofichwa katika damu

Uchovu wa muda mrefu mara nyingi huwa na chanzo katika damu. Madini chuma yanapopungua, mwili hushindwa kutengeneza himoglobini ya kutosha, na oksijeni inayofika kwenye misuli na ubongo hupungua. Mtu huchoka kwa kazi ndogo, hupumua kwa shida anapopanda mlima, huhisi kizunguzungu, na viganja na ndani ya kope zake huwa vyeupe.

Tatizo hili ni kubwa. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa takriban asilimia 42 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini wana upungufu wa damu, ikilinganishwa na asilimia 45 katika utafiti wa mwaka 2015/16. Hatua imepigwa, lakini bado wanawake wanne kati ya kumi wanalima, wanafanya biashara, wanafundisha na kulea watoto wakiwa na damu isiyotosha.

Vyakula vyenye madini chuma vinavyotumiwa vizuri zaidi na mwili ni vile vyenye asili ya wanyama, hasa maini, nyama nyekundu, nyama ya kuku na samaki. Dagaa wanaoliwa wazima ni neema ya pekee, kwani hutoa protini, madini chuma na kalsiamu kwa pamoja, na huuzwa kwa vipimo vidogo ambavyo kaya ya kipato cha chini inaweza kuvimudu. Vyakula vya mimea kama maharage, kunde, choroko, mbaazi, dengu, mchicha, majani ya maboga na mnafu navyo vina madini chuma, ingawa mwili huyafyonza kwa kiwango kidogo zaidi.

Hapa ndipo namna ya kula inapokuwa muhimu sawa na chakula chenyewe. Vitamini C huongeza ufyonzaji wa madini chuma ya mimea. Kwa hiyo maharage na mchicha vikiambatana na chungwa, pera, embe, papai, nyanya mbichi au juisi ya ubuyu isiyo na sukari nyingi, faida yake huongezeka. Pera lina vitamini C takriban mara nne ya chungwa kwa uzito uleule, na mara nyingi hupatikana kwenye mti wa jirani.

Kinyume chake, chai na kahawa zina kemikali zinazoshikamana na madini chuma ya mimea na kuyazuia kufyonzwa. Mila ya kumalizia mlo wa maharage kwa kikombe cha chai ya rangi hupunguza faida ya mlo huo. Inashauriwa chai inywewe angalau saa moja kabla au baada ya mlo. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yake, pamoja na kuchachusha uji kabla ya kuupika, ni desturi za wazee wetu ambazo pia husaidia mwili kuyapata madini hayo kwa urahisi zaidi.

Kupanga mlo wa siku

Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 24 ya mwaka 1973, imekuwa ikiwaelimisha wananchi kuhusu mlo kamili, yaani mlo wenye vyakula vya makundi mbalimbali: nafaka, mizizi na ndizi, vyakula vya jamii ya kunde na karanga, vyakula vyenye asili ya wanyama, mboga, matunda, pamoja na mafuta kwa kiasi. Hakuna chakula kimoja kinachotosheleza mahitaji yote ya mwili wa mtu mzima. Nguvu hutokana na mchanganyiko.

Mfano wa siku moja unaweza kuwa hivi. Asubuhi, bakuli la uji wa ulezi uliotiwa karanga zilizosagwa au maziwa, pamoja na ndizi mbivu au kipande cha papai. Anayependelea kuuma anaweza kula kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha na yai. Mchana, ugali wa dona kwa dagaa waliopikwa na nyanya, mchicha na chungwa. Usiku, makande au wali kwa maharage, kachumbari na mboga za majani. Katikati ya siku, mwenye kazi nzito anaweza kula karanga za kukaanga bila mafuta, ambazo gramu 100 zake hutoa takriban kilokalori 570 na gramu 25 za protini.

Makande yanastahili heshima zaidi ya inayopewa. Protini ya mahindi ina upungufu wa baadhi ya asidi amino, hasa laisini, ilhali maharage yanayo kwa wingi; nayo maharage hupungukiwa na methionini, ambayo mahindi yanayo. Vikiliwa pamoja, kila kimoja huziba pengo la mwenzake. Wapishi wa zamani waliufikia mchanganyiko huo bila maabara.

Kiasi cha chakula hutegemea umri, jinsi na kazi ya mtu. Anayelima kwa jembe la mkono anahitaji wanga zaidi ya anayekaa ofisini. Kwa mwenye kazi ya kukaa, nusu ya sahani ikiwa ni mboga na matunda, robo wanga na robo vyakula vya protini, ataepuka ule usingizi mzito wa mchana unaofuata sahani iliyojaa wali au ugali. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku.

Mboga zioshwe kabla ya kukatwa, zipikwe kwa maji kidogo na kwa muda mfupi, na ziliwe mapema, kwa kuwa vitamini C huharibiwa na moto na huyeyukia kwenye maji yanayomwagwa. Kisamvu ni tofauti: kinapaswa kutwangwa na kupikwa hadi kiive kabisa ili kuondoa sumu ya asili iliyomo. Vivyo hivyo, mihogo michungu inahitaji kumenywa, kulowekwa na kukaushwa ipasavyo kabla ya kuliwa.

Vinywaji vya kuongeza nguvu

Katika vituo vya mabasi, vijiwe vya bodaboda na maeneo ya ujenzi, vinywaji vinavyouzwa kwa jina la kuongeza nguvu vimekuwa kimbilio la wengi, hasa vijana. Ni vyema kufahamu vinafanya nini. Mkebe wa kawaida wa mililita 250 huweza kuwa na takriban miligramu 80 za kafeini na gramu 27 za sukari. Sukari hiyo pekee inazidi kiwango cha siku nzima cha gramu 25 kilichotajwa hapo juu.

Kafeini si chakula na haitoi nishati. Kazi yake ni kuzuia ujumbe wa uchovu usipokelewe na ubongo. Uchovu unabaki palepale, ila mhusika hausikii kwa muda. Nusu ya kafeini huendelea kuwepo mwilini takriban saa tano baada ya kunywewa, hivyo anayekunywa jioni hulala vibaya, huamka amechoka na kutafuta mkebe mwingine. Kwa dereva, hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu usingizi ulioahirishwa unaweza kurudi ghafla akiwa kwenye usukani. Kuchanganya vinywaji hivyo na pombe ni hatari pia, kwani mtu hujiona hajalewa ilhali amelewa.

Watoto hawapaswi kupewa vinywaji hivi. Wajawazito wanapaswa kupunguza kafeini kutoka vyanzo vyote, na wenye shinikizo la juu la damu, ugonjwa wa moyo au kisukari wapate kwanza ushauri wa mtaalamu wa afya.

Maji safi na salama hufanya kazi kubwa kuliko wengi wanavyofikiri. Upungufu wa maji unaofikia asilimia 2 tu ya uzito wa mwili unatosha kupunguza uwezo wa kufanya kazi na kuwa makini. Anayefanya kazi juani anywe maji mara kwa mara bila kusubiri kiu kali. Mkojo wa rangi ya njano iliyokolea ni dalili kwamba mwili unahitaji maji.

Pale ambapo chakula si jibu pekee

Si kila uchovu hutibiwa kwa sahani ya chakula. Uchovu unaodumu kwa wiki kadhaa licha ya kula na kulala vizuri ni sababu ya kutosha ya kwenda kituo cha kutolea huduma za afya. Malaria, minyoo na kichocho hupunguza damu. Kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara na kupungua uzito vinaweza kuwa dalili za kisukari. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku na kukonda ni dalili zinazohitaji kipimo cha kifua kikuu. Kwa wenye hali hizi, kujinunulia dawa za kuongeza damu au vinywaji vya nguvu dukani huchelewesha tiba.

Wajawazito wanahimizwa kuhudhuria kliniki mapema na kutumia vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki kama wanavyoelekezwa, kwa kuwa katika kipindi hicho mahitaji ya damu hupanda kiasi ambacho mlo peke yake mara nyingi hautoshi. Wenye magonjwa sugu wasibadili mlo kwa kiasi kikubwa bila kuzungumza na mtoa huduma wao.

Wajibu wa kila kaya

Ni kweli kwamba bei ya chakula huamua mengi, na si kila familia inaweza kununua nyama kila wiki. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mabadiliko yaliyoelezwa hapa haihitaji fedha ya ziada. Kupunguza sukari kwenye chai huokoa fedha. Kusaga dona hupunguza hasara ya pumba. Kusogeza chai mbali na mlo hakuna gharama. Kupanda mchicha, matembele au mpapai nyuma ya nyumba, hata kwenye viroba, huiwezesha kaya kupata mboga na matunda karibu na jiko. Fedha ya soda moja au mkebe mmoja wa kinywaji cha nguvu inaweza kununua mayai au fungu la dagaa.

Mama lishe na baba lishe nao wana nafasi ya pekee, kwa kuwa maelfu ya wafanyakazi hutegemea sahani zao kila mchana. Kuongeza mboga, kuweka tunda na kutoa chaguo la ugali wa dona ni huduma kwa wateja na mchango kwa afya ya jamii. Wazazi kwa upande wao wanahimizwa kushirikiana na shule katika kuwezesha chakula cha mchana kwa wanafunzi, kwani mtoto mwenye njaa huhudhuria darasani kwa mwili huku akili yake ikiwa kwenye chakula.

Kwa ushauri unaozingatia mazingira ya eneo husika, wananchi wanaweza kuwaona Maafisa Lishe katika halmashauri zao pamoja na wahudumu wa afya katika zahanati, vituo vya afya na hospitali. Jioni ya leo, kabla ya kuandaa chakula, kila kaya ijiulize maswali matatu: Je, sahani hii ina kitu cha kujenga damu? Je, ina mboga au tunda la kusaidia damu hiyo kutengenezwa? Je, kilichomo kitatufikisha saa sita mchana kesho bila kutafuta sukari? Jibu likiwa ni ndiyo, familia hiyo imepata shibe na nguvu kwa pamoja.